Damu ya Kiti cha Tatu

Wale mlionitumia salamu za pole baada ya wiki iliyopita, zirudisheni mfukoni kwanza. Leo nasema nilichokifanya mimi, si nilichofanyiwa, na huenda mkajuta kunihurumia.

Kwa aliyechelewa njiani: mimi ndiye mnayemwona kwenye chupa. Yule mwanamke aliyewapa mgongo, nywele zimemfika kiunoni, na chini yake maandishi ya dhahabu, Mafuta ya Shangazi. Mgongo ni wangu. Nywele zilikuwa zangu. Mtaani jina langu wameshalisahau, wananiita Msitu.

Shangazi mwenyewe ni dada wa marehemu baba. Alinichukua nikiwa na miaka minne, akanilea, akanisomesha mpaka shule iliponishinda, kisha akaniweka kwenye kigoda cha kuvutwa.

Kigoda hicho kina kazi moja. Kila Jumamosi saa tano asubuhi wateja wanajipanga uani kwenye karakana yetu. Mimi nakaa katikati, nywele zimeachiwa. Shangazi anasimama pembeni na kilemba chake kikubwa, anasema, "Usininunulie kwa maneno. Vuta!"

Mteja anazungushia nywele mkononi, anavuta.

"Vuta tena! Usimwonee huruma, ameshiba huyo!"

Mteja anavuta mpaka macho yananitoka. Kisha Shangazi anamkamata mkono, anaufungua mbele ya watu wote. Mtupu. Hakuna unywele hata mmoja. Hapo chupa zinaanza kutoka, na mimi nakwenda kutafuta pa kuegemeza shingo.

Ndipo ikaja homa ile ya virusi. Ilituangusha wote karakanani, Shangazi siku kumi, mimi kumi na nne. Tukapona, tukarudi kupika mafuta. Mwezi wa tatu baada ya kupona nikapitisha chanuo kichwani asubuhi moja, likarudi na shungi zima.

Wiki iliyopita mliniacha kwenye sakafu ya bafu, nywele zimejaa mapajani, na Shangazi anagonga mlango.

"Msitu! Fanya haraka, mwanangu. Mama Maduka amekubali. Anakuja Jumamosi ijayo!"

Mama Maduka ana maduka kumi na tisa. Akivuta yeye akaridhika, chupa zetu zinaingia kote huko. Shangazi alikuwa amemsubiri mwaka mzima.

Nikasema kupitia mlango, "Nakuja, Shangazi." Sikwenda mpaka niliposikia ndara zake zimefika jikoni.

Nikajifunga kitambaa kichwani. Nikamwambia nazipumzisha nywele, zije zionekane mpya siku ya Mama Maduka.

"Hiyo ndiyo akili," akasema, akanipiga begani.

Siku zile sikujua kukaa. Nikiketi nasimama, nikisimama natembea, nikifika mlangoni nasahau nilikuwa nakwenda wapi. Nilikuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilifungia vifuniko chupa tupu, kreti mbili nzima, mpishi wetu wa mafuta akaniuliza kama nimependa mtu.

Jumatatu nikaaga kwamba nakwenda kwa daktari wa meno. Nikaenda kliniki ya nywele, upande wa pili wa mji, ambako hakuna anayenijua.

Daktari alikuwa mtu mpole mwenye mikono baridi. Akanifungua kitambaa, akachukua nywele chache kwa vidole viwili, akavuta taratibu. Nilitaka kucheka. Maisha yangu yote watu wananivuta bure, leo nimekwenda mwenyewe kuomba nivutwe.

Akafungua vidole. Zilikuwa kumi na tatu.

"Uliumwa?" akauliza.

"Homa ya virusi. Miezi mitatu sasa."

"Basi ndiyo hiyo. Nywele zako hazijafa. Homa kali huzishtua, zikaacha kazi nyingi kwa pamoja zikapumzika. Miezi miwili mitatu baadaye zinaanguka kwa mkupuo. Hebu shika kioo. Unaona hapa kwenye paji?"

Nikaona. Vinywele vifupi, vyembamba, vimesimama kwa ukaidi kwenye mstari wa uso.

"Hizo ni mpya. Zimeshaanza kurudi zenyewe. Kula vizuri, lala, subiri. Miezi sita, labda tisa."

"Nina siku tano, daktari."

"Siku tano za nini?"

"Za kuvutwa."

Ikabidi nimweleze. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ipo tiba ya kuamsha mizizi," akasema. "Tunakutoa damu kidogo, tunaizungusha kwenye mashine, tunachukua maji yake ya njano, tunayarudisha kwa sindano kwenye ngozi ya kichwa. Ni damu yako mwenyewe inakutibu. Kuna wanaosaidika, kuna ambao hatuoni tofauti. Na anayesaidika ni baada ya miezi. Kwa siku tano sikudanganyi, haitakufaa kitu."

Mimi katika yote hayo nikasikia "wanaosaidika". Mwenye shida ana masikio ya kuchagua.

"Nichome," nikasema.

Chumba cha sindano kilikuwa na viti vitano vya kulalia, kila kimoja na pazia lake zito la kijani kuzunguka. Nesi akaniweka kiti cha tatu, akanitoa damu, akabandika plasta kwenye kichupa, akaandika 3.

"Hamuandiki jina?" nikauliza.

"Dada, hapa hatuandiki majina wala namba za simu. Watu wanaona haya. Wengine ni watu wakubwa. Namba ya kiti ndiyo jina lako."

Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa wanajua kutunza siri.

Mashine ilikuwa inaunguruma pembeni. Nimefumba macho, nikasikia mtu anaingizwa kiti cha nne. Kisha nikasikia sauti.

"Mwanangu, pazia hili halina tundu? Angalia vizuri."

Sauti ile ningeitambua hata katikati ya mashine ya kusaga.

Ilikuwa ya Shangazi.

Nikajikunja kwenye kiti nikawa mdogo. Kati yetu palikuwa na kitambaa tu. Nikamsikia anafungua kilemba, mzunguko baada ya mzunguko. Mimi niliyekaa naye nyumba moja miaka yote hiyo, sikumbuki mara ya mwisho niliona kichwa chake.

"Pole, mama," nesi akasema. "Zimeondoka nyingi."

"Nyingi? Kichwa kimebaki kama goti. Zilikuwa chache za uzee, homa ikaja kuzoa na hizo. Na mimi nauza mafuta ya nywele mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Mbona hayakukusaidia?"

Nilidhani Shangazi atafoka. Aliposema, alisema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani.

"Mimi yamenikataa. Lakini nina binti yangu. Aliumwa kuliko mimi, na nywele zake hazikutikisika. Yule ndiye ananifanya nilale usingizi, nijue sijawaibia watu. Siku na zake zikianguka, nitamwaga mapipa yote mtaroni, nifunge mlango."

Binti yangu. Kwa watu siku zote alikuwa anasema "huyu wa kaka yangu". Nililia pale bila sauti, machozi yanaingia masikioni.

Nesi akamtoa damu, akampeleka msalani. Nikasema moyoni, ni sasa au basi. Niondoke, damu yangu waimwage. Nikashuka kitini, nikachungulia, nikatoka. Hatua tatu tu, nikasikia maji ya msalani, mlango unafunguliwa.

Sikufikiri. Nilijitupa kwenye pazia la karibu, nikalivuta.

Lilikuwa la kiti cha nne. Nimekaa kwenye kiti cha Shangazi, bado kina joto lake.

Kwa upenyo wa pazia nikamwona akirudi, kashika mkoba kifuani, kilemba amekirusha kichwani ovyo, miwani ameivua. Akakuta pazia la nne limefungwa na la tatu liko wazi. Nesi mwingine, mgeni kabisa, aliyekuja na sinia la sindano, akamwambia, "Keti hapo palipo wazi, mama, nakuja." Akaketi.

Mashine ilipokwisha kuzunguka, nesi yule akarudi, akaanza na mimi.

"Kiti cha nne," akasema, akaweka sinia pembeni. Bomba la sindano lilikuwa na plasta, imeandikwa 4.

Nililiona. Naomba mlisome neno hilo vizuri. Sikubabaika, sikuchanganyikiwa. Nililiona, nikaelewa, na nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "Subiri." Neno moja, halafu Shangazi angeitambua sauti, angefungua pazia, angeniona nilivyo.

Nikafunga mdomo.

Akanichoma. Mstari kwa mstari, kutoka paji mpaka utosini, maji ya damu ya Shangazi yakaingia kichwani mwangu. Niliuma kitambaa. Alipomaliza akachukua bomba la pili na kuingia upande wa pili.

Nikamsikia Shangazi akivuta pumzi kwenye sindano ya kwanza.

"Inauma, mama?"

"Endelea."

Ya pili. "Endelea." Ya tatu. "Endelea." Nilihesabu mpaka ishirini. Kila moja ningeweza kuizuia, na kila moja niliiacha ipite.

Nikatoroka akiwa bado amelala.

Kesho yake asubuhi tulikuwa mezani na chai, wawili sisi, kila mmoja kakaza shingo kama mwenye jipu.

"Una nini?" akaniuliza.

"Nimelalia vibaya. Wewe je?"

"Mto," akasema. "Hii mito ya siku hizi."

Ingekuwa siku nyingine ningecheka mpaka nidondoke. Nilikoroga chai isiyokuwa na sukari.

Jumatano akaanza kujikuna juu ya kilemba kwa ncha ya kalamu. Alhamisi jioni alikuwa na joto, macho mekundu, akasema ni moshi wa mafuta. Ijumaa sikuvumilia. Nilikwenda tena kwa daktari, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa nilishindwa.

Yule mpole alipiga meza kofi.

"Damu ya mtu si mchuzi, mgawane! Yako ikikurudia wewe ni salama, ndiyo maana ya tiba yenyewe. Ikiingia kwa mwingine inakwenda na kila kilichomo. Unamjua huyo mama wa kiti cha nne? Mimi sina jina lake, sina simu yake, sina chochote."

"Namjua."

"Mlete. Leo hii. Nimpime yeye, na wewe nakupima sasa."

Akanitoa damu. Akasema kipimo kinakwenda maabara nyingine, majibu kesho asubuhi atanipigia mwenyewe. Safari hii aliandika majina yangu yote matatu, na namba ya simu chini yake.

Nikarudi nikimkimbilia Shangazi. Nilimkuta peke yake kwenye sufuria kubwa, anakoroga kwa mwiko mrefu.

"Shangazi, Jumatatu ulikwenda wapi?"

"Kwa mtu wa vifuniko."

"Nilikuona."

Mwiko ukasimama. Kisha ukaendelea.

"Umeona mtu. Duniani wawili wawili."

"Shangazi, pale ulipokwenda palitokea kosa. Inabidi turudi, wote wawili."

"Wote wawili?" Akageuka, akakitazama kitambaa changu kwa muda. "Mimi sikwenda popote. Na wewe, kama ulikwenda, ulikwenda kutafuta nini huko?"

Hapo palikuwa na mlango wazi, wasomaji wangu, mpana wa kupita na kreti. Ningesema, "Nywele zangu zimeanguka." Lakini nikayaona mapipa yale manane nyuma yake, nikaona mpishi, wafungaji, watoto wao wanaokula kwa mafuta yale. Nikamwona yeye akiyamwaga.

"Nilimsindikiza rafiki," nikasema.

"Basi mpe pole rafiki yako," akasema haraka mno. "Nenda kapumzike. Kesho ni siku kubwa."

Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa waficha wawili jungu moja. Yeye alifunga lake, mimi nikafunga langu, mafuta yakaendelea kuchemka.

Jumamosi, saa tano kasorobo, simu ikalia mfukoni. Uani walishajaa.

"Uko peke yako?" daktari akauliza. "Una homa ya ini. Ile inayohama kwa damu. Pengine unaishi nayo tangu utotoni bila kuugua, wako wengi hivyo. Wewe tutakufuatilia taratibu, usiogope sana. Ninayemwogopea ni yule mama."

"Ameshaambukizwa?"

"Sijui. Ipo dawa ya kinga pamoja na chanjo. Ilitakiwa siku ile ile. Leo ni siku ya tano. Hospitali kuu wanayo, nimeshazungumza nao, lakini dirisha lao linafungwa saa saba na Jumapili hawapo. Jumatatu ni siku ya saba, na mimi sitaki kubahatisha na ini la mtu. Leo, dada. Kabla ya saa saba."

Nikakimbilia uani. Mama Maduka alishafika, mfupi, mnene, anavua pete zake moja moja na kuzitia kwenye pochi apate kuvuta vizuri. Shangazi alikuwa amevaa kilemba kipya. Uso ulikuwa unang'aa, sijui ni furaha au ni ile homa.

"Shangazi, neno moja."

"Baada ya wageni."

"Haliwezi kusubiri."

"Kaa."

Nikakaa. Msinicheke. Mwanamke huyu ameniambia "kaa" tangu miguu yangu haifiki chini, na magoti yangu yanamtii yeye kabla hayajanisikia mimi.

"Mama Maduka," akasema kwa sauti yake ya Jumamosi, "sitaki ununue kwa maneno!" Akafungua kitambaa changu kwa mkono wake mwenyewe.

Kitambaa kikatoka na nywele zangu.

Uani pakawa kimya, hata mpishi jikoni akasikia kimya kile akatoka nje. Shangazi aliinamia kichwa changu. Hakuwa anatazama upara. Alikuwa anatazama vidoa vidogo vya sindano, mstari kwa mstari, kutoka paji mpaka utosini. Alivijua. Anavyo.

Akaninong'oneza, "Kiti kipi?" Kabla sijajibu, mtu nyuma akasema, "Jamani, msitu umekatwa mkaa!" na uani kote wakaangua kicheko.

"Ndiyo mafuta yenyewe haya?" Mama Maduka akauliza.

Shangazi akanyooka. Mapipa yake, wafanyakazi wake, miaka yake ishirini na miwili, vyote vilikuwa vinamtazama. Nikaona anavyochagua.

"Huyu ameacha kupaka," akasema. "Mjuaji. Anapaka vya matangazo huko mitaani. Mnaona wenyewe, asiyesikia la mkuu..."

"...huvunjika guu!" wakaitikia.

Sikumkasirikia. Niliitazama saa ya ukutani, saa tano na dakika ishirini, nikasimama juu ya kigoda.

"Sikuacha kupaka," nikasema. "Niliugua homa, zikaanguka, na mafuta hayakuzuia. Nikaenda kuchomwa sindano za kichwa, nikamkuta Shangazi naye kaja. Nikajificha kwenye kiti chake, wakatuchanganya. Damu yangu imeingia kichwani mwake na ina homa ya ini. Dawa iko hospitali kuu mpaka saa saba. Nisaidieni kumpeleka."

"Homa imempanda kichwani," Shangazi akasema. "Mshikeni."

Mpishi akanishika mkono, lakini alinishika kama mtu anayeshika yai. Hakujua amwamini nani.

Mama Maduka ndiye aliyesogea. Alisimama mbele ya Shangazi, akamtazama macho yale mekundu.

"Mama, vua kilemba."

"Sivui."

"Usipovua naingia garini nakwenda zangu, na kwenye kila duka langu nitasimulia nilichoona. Ukivua, naingia garini nakupeleka. Gari ni lile lile."

Shangazi akatutazama sote. Kisha akainua mikono, akaanza kufungua, mzunguko baada ya mzunguko. Kichwa kikatokea, kidogo kuliko nilivyodhani, na vidoa vyake ishirini.

Hakuna aliyecheka.

"Zima moto," akamwambia mpishi. Akatangulia garini.

Mama Maduka anaendesha anavyofanya biashara, kwa honi. Lakini foleni haijui tajiri. Tulikwama, tukasogea, tukakwama tena. Mimi na Shangazi tulikuwa kiti cha nyuma. Nilikuwa nakanyaga breki na mafuta ambavyo sina, miguu haitulii.

Akanishika mkono. Sikutegemea. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Mjinga wewe," akasema. "Ungeniambia nywele zimeanguka."

"Ulisema utamwaga mapipa."

"Ulinisikia?" Akatikisa kichwa, akatabasamu kidogo. "Mapipa ni mapipa. Ningepika sabuni. Wewe ningekupata wapi?"

Nikaanza kulia. Akanifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Na huyo nesi naye," akasema, "kazi ya watu anaifanya macho juu. Ni yeye aliyekosea, siyo wewe. Wewe umejua jana, daktari alipokwambia."

Hakuuliza. Aliniwekea jibu mkononi, nilichotakiwa ni kulifumba tu. Mama Maduka alinitazama kwenye kioo cha mbele. Nadhani naye alitaka niseme ndiyo.

Na ningesema. Jumatatu ile ingekuwa yangu peke yangu mpaka kaburini. Lakini nilishaona uongo mdogo wa kitambaa ulivyozaa, nikaona sitaki tena kulea wajukuu wake.

"Sikuanza kujua jana," nikasema.

"Juzi?"

"Nilijua pale pale. Niliiona namba kwenye sindano."

"Ulipokwisha kuchomwa."

"Kabla. Sisi sote tulikuwa hatujachomwa."

Mkono wake ulikuwa bado juu ya wangu, lakini umeacha kushika.

"Ulikuwa nyuma ya pazia," akasema taratibu, "ukamsikia yule nesi ananiuliza kama inauma."

"Nilisikia."

"Zote?"

"Ishirini, Shangazi. Nilihesabu."

Akauondoa mkono. Akaukalisha kwenye paja lake, akautazama kama si wake.

"Simamisha gari," akasema.

"Mama, ni saa sita na robo," Mama Maduka akasema. "Hospitali ni kona hiyo tu, kulia."

"Nimesema simamisha."

Hakungoja. Tulikuwa kwenye makutano, magari yamebanana, akafungua mlango akashuka, kichwa wazi, mbele za watu. Nikashuka upande wangu nikimwita. Madereva wanapiga honi, mmoja ananitukana, Mama Maduka anapiga kelele kupitia dirishani kwamba dakika zinakwenda.

Taa ya kijani ikawaka. Hospitali ilikuwa kulia. Shangazi alikuwa anakwenda kushoto, na mwendo wake haukuwa wa mtu anayetaka kufuatwa.